Debe la Kokoto na Debe la Mchanga

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi hudhani kwamba istilahi za sayansi ni kazi ya wengine. Siafiki. Hebu tulitazame swali moja la wahandisi: ukichanganya punje zisizo na umbo maalumu, utabashirije kiasi cha nafasi tupu zitakazobaki baina yake?

Gololi za ukubwa mmoja, zikimiminwa ovyo na kutikiswa, hujaza takriban asilimia 64 ya chombo. Asilimia 36 hubaki tupu. Kokoto zenye pembe, zikimwagwa tu, kwa kawaida huacha nafasi zaidi kwa kuwa hukingamana. Wala wastani hautufai. Changanya debe la kokoto na debe la mchanga. Hupati madebe mawili, kwani mchanga hujipenyeza katika mianya ya kokoto. Fundi wa mjengo anayajua haya, naye hakuisubiri kamusi.

Shida ni jina. Nimesikia hali hii ikiitwa "upenyevu". Hilo ni kosa la maana, si la mtindo. Udongo wa mfinyanzi una nafasi tupu nyingi kuliko mchanga, ilhali maji hupita humo kwa taabu, maana vitundu vyake ni vidogo mno. Aliyefunzwa neno moja kwa mambo mawili atatafuta maji ya kisima katika tope lisiloyaachilia.

"Uwazi" umekwisha kutekwa na wanasiasa. "Unyweleo" unatupeleka kwenye ngozi. Napendekeza "kiwango cha mianya", upenyevu ubakie kwa maji. Mwenye neno fupi zaidi na alilete.