Mlima ni wetu, viatu vya kuupanda vyatoka ng'ambo

KWA mtu anayeishi mbali na kwao, ununuzi wa mavazi ya kukwea mlima huwa jambo jepesi au gumu kutegemea pembe ya dunia aliyomo. Mkenya anayefanya kazi Manchester au Minnesota husubiri majira ya baridi yaishe, bei ziteremshwe, kisha akaingia dukani na kutoka na koti la mvua, fulana ya sufu na buti imara.

Mgeni kutoka Ulaya anayefundisha au kujitolea hospitalini mjini Kitale au Bungoma hana duka la aina hiyo. Akitaka kuupanda Mlima Elgon, ambao huuona kila asubuhi mawingu yanapotawanyika, wenyeji wake humwelekeza sokoni, kwenye mitumba.

Huko hukuta asilolitarajia. Katikati ya rundo la mashati na sketi hulala jaketi lenye chapa ya kampuni ya nchini kwake, lililovaliwa na mtu wa huko kwao, likatolewa kama msaada, likafungwa katika robota, likavuka bahari hadi Mombasa, likapitia Gikomba na hatimaye likapandishwa lori kuja magharibi mwa Kenya. Mgeni hulinunua kwa bei ya kupatana, akalivaa na kwenda zake mlimani.

Kisa hicho huchekesha, lakini ndani yake mna swali zito. Inakuwaje kaunti mbili zinazoishi chini ya mlima mmoja zishindwe kumvika anayeupanda? Na ikiwa mgeni mwenye fedha hupata shida, mwenyeji anayembebea mzigo huvaa nini?

Baridi haimjui mwenyeji

Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, una vilele kadhaa. Wagagai, ulioko Uganda, una urefu wa mita 4,321, nao Koitobos, upande wa Kenya, una mita 4,222. Mbuga ya kitaifa iliyotengwa mwaka 1968 katika eneo la Trans Nzoia hufikiwa kutoka Kitale kupitia Endebess hadi lango la Chorlim. Kwa anayetokea Bungoma, njia hupitia Kimilili na Kapsokwony.

Kwa kawaida, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mtu anapopanda mita 1,000. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Maana yake ni kwamba anayeondoka Kitale kukiwa na nyuzi 25 atakuta karibu nyuzi 10 akifika Koitobos, na anayetoka Bungoma ataachana na takriban nyuzi 18 za joto njiani. Hapo upepo na mvua havijahesabiwa, wala usiku ambao umande huganda juu ya nyasi.

Katika hali hiyo nguo si pambo. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi zikilowa hushika maji na kuunyonya mwili joto lake. Sufu na vitambaa vya polista huhifadhi joto hata vikiwa na unyevu, na ndiyo sababu wakwea milima huvitafuta. Mpagazi ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa hutoka jasho akiwa na mzigo, kisha hulazimika kusimama kambini akiwa amelowa. Mgeni akijitia katika mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa ajili ya baridi, mwenzake hujikunyata chini ya blanketi kando ya moto.

Tujuavyo, waongozaji na wapagazi wa Elgon ni vijana wa pale pale, Wasabaot na Wabukusu. Wanazijua njia, mapango ya Kitum na Makingeny, na nyendo za ndovu wanaoingia mapangoni humo kulamba chumvi. Ujuzi wao haununuliwi dukani. Kinachowapungukia ni viatu.

Bei ya kitu kipya

Wapo watakaouliza kwa nini vifaa hivyo visiagizwe vipya. Jibu limo katika hesabu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutoza nguo zinazotoka nje ya jumuiya ushuru wa forodha wa asilimia 35 kuanzia Julai 2022. Jaketi litakalofika nchini likiwa na thamani ya Sh10,000, nauli ikiwemo, litaongezewa Sh3,500 za forodha. Kisha kodi ya ziada ya thamani (VAT) ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla hiyo, nayo ni Sh2,160. Jaketi limefika Sh15,660 kabla ya ada nyingine za uagizaji na faida ya muuzaji. Ni kijana yupi wa Kapsokwony atakayelimudu?

Njia ya pili ni jamaa aliye ughaibuni. Wakenya waishio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Marekani mwaka 2024, na wengi wao hawarudi likizo mikono mitupu. Hata hivyo, kiatu cha mlimani si zawadi rahisi kumnunulia mtu asiyekuwepo. Namba 8 ya Uingereza ni karibu 42 ya bara Ulaya na karibu 9 ya Marekani, na buti lazima iache nafasi ya soksi nzito na ya vidole wakati wa kuteremka. Anayenunua kwa kuambiwa kwenye simu huweza kuleta kiatu kizuri kisichomfaa mtu.

Tena kuna forodha. Mnamo Novemba 2023 Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilipowakumbusha wasafiri kwamba vitu vya thamani ya zaidi ya dola 500 vilipaswa kulipiwa ushuru, kilio kilisikika kote nchini. Wengi waliokuwa wakijiandaa kuja nyumbani walijiuliza kama ilikuwa na maana kubeba chochote.

Mitumba yaziba pengo

Kinachobaki ni soko la mitumba. Mwaka 2019 Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za nguo na viatu vilivyokwisha kutumiwa. Wauzaji wenyewe wana daraja zao. Nguo bora, zinazochaguliwa robota linapofunguliwa tu, ndizo "kamera", na yale makapi ya mwisho huitwa "fagia". Vifaa vya mlimani huangukia katika kamera, na mara nyingi mteja wa Nairobi huvipata kabla ya lori kuelekea Kitale.

Mitumba imewavika wengi na haistahili kudharauliwa. Lakini ina udhaifu ambao muuzaji huweza asiujue. Buti nyingi za mlimani zina soli za poliyurethani, na aina hiyo huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa macho ni kizima, ngozi yang'aa, kamba ni mpya. Siku ya pili ya safari soli hubanduka na kusagika kama mkate mkavu, na mwenye kiatu yuko mwendo wa siku nzima kutoka kwa fundi. Makoti ya mvua nayo hupoteza utando wa ndani unaozuia maji, na aliyelinunua hung'amua hivyo mvua inapomnyeshea.

Anayenunua na akikunje kiatu kwa nguvu, aibonyeze soli kwa kidole gumba na kutazama kama ina nyufa. Koti na alimwagie maji kidogo kwa nje, apapase ndani. Mambo haya ni madogo, lakini mlimani huokoa maisha.

Vita vya wanasiasa

Jambo la kusikitisha ni kwamba mjadala wa mitumba katika eneo hili umekuwa wa siasa kuliko wa hesabu. Machi 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuikomesha katika muda wa miaka mitatu. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na Kenya, ikihofia soko lake la nguo chini ya mpango wa AGOA, ikajiondoa. Rwanda iliposhikilia msimamo, Marekani iliinyima nafuu ya kuuza nguo bila ushuru mwaka 2018.

Mwaka 2020 serikali yetu ilipiga marufuku uagizaji huo kuanzia Machi kwa sababu ya Covid-19, ikauruhusu tena Agosti. Mnamo Juni 2022 hayati Raila Odinga, aliyekuwa akiwania urais, alisema mitumba ni nguo za wafu, na kauli hiyo ikamletea lawama nyingi. Mwaka uliofuata, Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa kauli kama hiyo na kutangaza marufuku. Alikuwa wapi? Mbale, mji ulioko chini ya mlima huu huu wa Elgon, akizindua viwanda.

Hatupingi ndoto ya viwanda. Bata hushona viatu vya ngozi Limuru. Rivatex ya Eldoret, iliyochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ilizinduliwa upya mwaka 2019. Lakini kiwanda cha Raymond, kilichofuma blanketi za sufu mjini humo humo, kilifungwa. Kumwambia mpagazi avue jaketi la mtumba kabla ya kumwonyesha la kiwandani ni kumvua nguo tu.

Waliotutangulia

Majirani zetu wa Tanzania walilikabili tatizo hili bila kungoja kiwanda. Mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003. Miongoni mwa kazi zake ni kuwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Nguo nyingi hutolewa na watu wa Amerika Kaskazini, nyingi zikiwa zimetumika. Mpagazi huchukua jaketi, suruali na buti, akapanda, akateremka, akazirudisha kwa ajili ya mwenzake. Kadhalika mjini humo yapo maduka yanayomkodisha mgeni kila anachohitaji, na fedha za kukodi hubaki Moshi.

Tofauti iliyopo ni ya mpangilio. Nguo ni zile zile, kutoka mataifa yale yale. Sisi tunazipokea kwa bahati, ndani ya robota lisilojulikana lina nini. Wao wanaziomba kwa jina, wanazikagua, wanazitunza na kuzizungusha.

Ni kweli kwamba Elgon haina umati wa Kilimanjaro. Mapigano ya mwaka 2006 hadi 2008, yaliyoishia kwa operesheni ya kijeshi ya Okoa Maisha, yaliwatia wageni hofu kwa muda mrefu. Lakini ukosefu wa vifaa nao hufukuza wageni, tena kimyakimya. Mwalimu wa Webuye au mwanafunzi wa Kibabii anayetaka kuuona mlima wa kwao huahirisha safari kwa sababu hana buti wala hema, na hana pa kuvikodi.

Kwa hivyo serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, pamoja na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) na vyama vya waongozaji, zingeanza na jambo dogo: ghala moja Endebess na jingine Kapsokwony. Vyuo vya ufundi vipewe kazi ya kushona hema zilizochanika, kubadilisha zipu na kutia soli mpya. Wana wa Masaba walioko ughaibuni waombwe vifaa kwa orodha na namba maalum, navyo viingizwe kama mzigo mmoja wa ghala, ushuru wake ukizungumzwa mapema badala ya kila msafiri kuhangaika peke yake uwanja wa ndege. Mgeni alipe kukodi, mpagazi aazimwe bure.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni huja na buti yake, au huinunua sokoni, kisha huondoka. Mwenyeji aliyembebea mzigo huteremka akiwa na ujira wa siku chache na kikohozi. Mlima tulipewa bure. Kuvaa viatu vya kuupandia ni juu yetu.