Tazama Kozi Kabla ya Jina la Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yanapokaribia, swali moja huzunguka kila kona hapa Dabani: "Utaomba Makerere?" Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Utasoma nini huko, na ada ya mwaka wa tatu itatoka wapi?" Kwa anayetamani shahada ya kompyuta, nashikilia kwamba swali hili la pili ndilo lenye uzito. Katika mpaka huu ada hutokana na ng'ombe aliyeuzwa, kipande cha shamba, au faida ya biashara ndogo ya mama sokoni Busia. Ukikosea kuchagua, anayelipa si wewe peke yako. Huenda mdogo wako akakosa zamu yake.

Tuanze na majina ya kozi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Sayansi ya kompyuta si mafunzo ya kuchapa barua wala ya kutengeneza simu. Ni somo lenye hisabati nyingi: namna ya kuligawa tatizo katika hatua, kupanga data na kuandika programu. Uhandisi wa kompyuta huingia zaidi katika vifaa na umeme wake. Teknolojia ya habari huelekea kwenye uendeshaji wa mifumo katika ofisi, benki na hospitali. Chuo Kikuu cha Makerere chenyewe hutenganisha sayansi ya kompyuta, uhandisi wa programu, na teknolojia ya habari, kila moja na shahada yake. Anayejaza fomu kwa kuona neno "kompyuta" tu anafanana na mnunuzi anayelipia gunia bila kulifungua. Omba mtaala. Soma majina ya masomo ya kila muhula. Kama masomo ya mwaka wa kwanza yanakukimbiza, heri ujue sasa.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wetu hulipita kwa basi bila kugeuza shingo. Chuo Kikuu cha Busitema, cha serikali, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha zana za kilimo, kimo katika wilaya yetu hii ya Busia, na hapo hufundishwa uhandisi wa kompyuta. Sisemi kila mtu aende Busitema. Anayetaka sayansi ya kompyuta yenyewe asikubali kozi nyingine kwa sababu ya ukaribu tu. Ninachokataa ni dharau ya kudhani kwamba elimu huanzia Kampala.

Kuhusu alama, fanya hesabu mwenyewe. Kwa utaratibu uliozoeleka wa vyuo vya serikali vya Uganda, A huhesabiwa 6, B 5, C 4, na kuendelea kushuka. Kisha somo la msingi kwa kozi huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana nayo kwa 2, na la ziada kwa 1. Katika kozi za kompyuta hisabati kwa kawaida huwa ya msingi. Kwa hiyo C ya hisabati hukupa 12, ilhali A ya somo la ziada hukupa 6 tu. Wewe uliye kidato cha tano, unayeikimbia hisabati ukitegemea somo dogo la kompyuta, tafadhali rudia kuisoma aya hii.

Ithibati nayo ni haki yako kuiulizia, si utovu wa adabu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ndilo linaloidhinisha kozi, na mwaka 2023 nchi nzima ilishuhudia mjadala mkali juu ya kozi ambazo muda wa ithibati yake ulikuwa umepita. Tazama kozi yenyewe, wala usitosheke na jina la chuo.

Ng'ambo ya mpaka viko vyuo vya Maseno na Masinde Muliro, navyo hufundisha sayansi ya kompyuta. Ni karibu kuliko Kampala. Hata hivyo, uliza mapema kwa maandishi mambo mawili: matokeo yako ya Uganda yatalinganishwaje na ya Kenya, na je, utatozwa ada ya mwenyeji au ya mgeni? Hapo Kiswahili chako kitakufaa getini na ofisini, ingawa mihadhara itakuwa kwa Kiingereza.

Limebaki suala la fedha. Baadhi ya nafasi za ufadhili wa serikali ya Uganda hutolewa kwa mgao wa wilaya. Nenda katika ofisi ya elimu ya wilaya uulize masharti, usingoje kusimuliwa. Upo pia mpango wa serikali wa mikopo kwa wanafunzi wa elimu ya juu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, ambao hukopesha hasa wanaosoma sayansi na teknolojia. Mkopo huo hulipia ada, wala si chakula wala kodi ya chumba. Kwa hiyo chukua karatasi, kaa na mzazi wako, mwandike bei ya chumba, mlo, nauli na kompyuta ya mkononi kwa miaka yote ya kozi, chuo kimoja baada ya kingine. Fomu ijazwe baada ya karatasi hiyo.