Konsoli inageuka kompyuta: kibanda chako cha PS kitaponea wapi?

Ukishuka feri upande wa Likoni ukaingia ndani kidogo, Mtongwe huko, hukosi kibanda cha PS. Mshomoroni ni vivyo hivyo, Chaani pia. TV mbili, padi zilizochoka, benchi moja, na vijana wanaomngoja aliyefungwa apishe. Biashara hii yote imesimama juu ya kitu ambacho hatukifikirii sana: CD.

Sasa skia. Konsoli na kompyuta zinakuwa kitu kimoja, na halikuanza jana. PS3 ya 2006 ilikuwa na chipu yake ya pekee, Cell, iliyowatoa jasho waliotengeneza gemu. 2013 zikaja PS4 na Xbox One, zote zina chipu za AMD zenye muundo ule ule wa kompyuta ya kawaida. Toka hapo ukuta ukaanza kubomoka. God of War, ambayo ilikuwa ya PlayStation peke yake, ikatua kwa kompyuta Januari 2022. Oktoba 2025 ikatoka ROG Xbox Ally ya ASUS: jina Xbox, ndani Windows. Mwezi uliofuata Valve, wenye Steam, wakatangaza Steam Machine, kisanduku cha kuweka kando ya TV, lakini ni kompyuta.

Utaniuliza, hayo yananihusu nini mimi wa Likoni? Yanakuhusu, manake kompyuta ilishaachana na CD kitambo, na konsoli zinafuata njia hiyo hiyo. PS5 Pro ya 2024 inauzwa bila pa kutia CD. Xbox Series S ilizaliwa hivyo 2020. CD unainunua mkono wa pili, unaifanyia kazi mwaka mzima, ukichoka unabadilishana na jamaa wa Magongo. Gemu ya akaunti huwezi kumwuzia mtu. Tena lazima uishushe mtandaoni, makumi ya GB, na bando unalijua mwenyewe.

Lakini nisiipake CD mafuta sana. Mimi nina katoni ya CD za PS3 chini ya kitanda, na PS4 haisomi hata moja. Pesa zangu za chuo (chuo chenyewe sikumaliza) ziliishia humo. Kwa kompyuta, ukibadilisha mashine gemu zako za Steam unahama nazo. Halafu kompyuta ina kazi mbili: mchana inajaza fomu za HELB na KRA na kuchapa CV za watu, jioni unachomeka padi mbili mpira unaanza. PS mchana, watoto wakiwa shule, inakula kodi ya kibanda bure.

Kwa hivyo kama una akiba na unataka kufungua leo, mimi ningeanza na PS4 yenye pa kutia CD, kwa sababu wateja wameizoea na CD zake zinazunguka mtaani. Kompyuta iwe mashine ya pili, ikijilipia na kazi za mchana. PS5 isiyo na pa CD, hata ikiwa ya bei ya kuokota, ningeiacha kwanza.

Na hiyo PS4, kabla hujatuma M-Pesa, mwambie muuzaji atie CD mbele yako, uione inasoma.