Tairi hizo zitafika Kosele?

Msomaji mmoja wa Kayole ameniandikia akiuliza anunue tairi gani. Ana pikapu, na Desemba anataka kukodi trela ya magurudumu mawili awapelekee wazazi wake vyombo vya nyumba huko Nyanza, watoto wakiwamo safarini. Jirani amemshauri atafute tairi pana zenye meno makubwa, eti hizo ndizo za kazi. Barua hiyo imenikumbusha aibu yangu mwenyewe, nami sioni vibaya kuisimulia.

Huko Marekani watu huvuta nyumba nzima nyuma ya pikapu, kitanda na jiko ndani, wakaenda likizo. Sisi huvuta hema, viti vya plastiki, sufuria na jenereta, tukaenda matangani. Mwaka 2018 baba mkwe wangu alifariki, na maziko yakapangwa nyumbani kwake Kosele, kwenye barabara ya kutoka Oyugis kwenda Kendu Bay. Mashemeji zangu walinipa kazi moja tu: kuleta hema na viti. "Shemeji, wewe ndiwe mwenye pikapu," walisema. Mkwe atakataaje?

Tairi zangu za nyuma zilikuwa kipara. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara hapa jijini, nikamwonyesha yale yaliyoandikwa: 195R14C. Akanitolea mbili za mitumba, nyeusi tititi, zimepakwa dawa zikang'aa, meno marefu. "Mzee, ni saizi ile ile. 195, rimu ya 14." Bei ilikuwa nusu ya mpya. Nikalipa nikijiona mjanja.

Tuliteremka Mai Mahiu salama, tukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Narok tuliipita saa saba mchana, jua la utosi. Kabla ya kufika Mulot nikasikia mlipuko. Pikapu iliyumba, na trela ikaanza kutusukuma huku na huku kama mkia wa mamba. Shangazi yake mke wangu, aliyeketi katikati, hakupiga kelele. Alishika dashibodi kwa mikono miwili akasali kwa Kijaluo. Tulisimama hatua chache kutoka mtaroni, na lori la ng'ombe likatupita likipiga honi. Meno ya tairi yalikuwa bado mazuri sana. Tatizo ni kwamba yalikuwa yamebanduka yote, yakalala barabarani kama gamba la nyoka.

Fundi wa pancha alikuja kwa bodaboda. Kabla ya kugusa jeki alichuchumaa akasoma ubavu wa tairi: 195/70R14 91. "Mzee," akasema, "hii ni ya gari dogo, si ya mzigo." Kisha akanionyesha namba nne ndogo karibu na rimu, 0911. Maana yake ni wiki ya 9 ya mwaka 2011. Nilikuwa nimenunua mpira wa miaka saba.

Kosele tulifika saa tano usiku. Mvua ilikuwa imewalowesha waliokuja kukesha na marehemu. Hakuna aliyenilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ile herufi C ambayo muuzaji aliiruka huonyesha tairi ya gari la kubeba mizigo. Namba ya mwisho ndiyo kipimo cha mzigo, ingawa si kilo zenyewe. Husomwa kwenye jedwali ambalo fundi yeyote mzuri analo. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Tairi zangu za zamani zilikuwa na 106/104. Hiyo 106 ni kilo 950, nayo 104 ni kwa magari yenye tairi pachapacha nyuma. Kwa hiyo mbili za zamani zingebeba kilo 1,900, na mbili zile za kung'aa kilo 1,230.

Chukua mfano wa pikapu ambayo nyuma yake ikiwa tupu ina kilo 600. Pakia kilo 600 nyingine. Halafu funga trela ya kilo 800. Trela iliyopakiwa vizuri hulaza mbele kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 80, juu ya chuma cha kuvutia. Lakini chuma hicho kiko nyuma ya ekseli. Kama kimejitokeza mita 1.2 nyuma yake, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, zile kilo 80 huwa 112 juu ya tairi za nyuma, kwa sababu tairi za mbele hupunguziwa kilo 32, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Jumla ni kilo 1,312. Tairi za 91 zimezidiwa kabla safari haijaanza.

Na upepo? Namba ya mzigo ni ya kweli tairi ikiwa na upepo wake kamili tu. Tairi nyingi za 106 hutaka pauni 65 ili zibebe kilo hizo 950. Kijana wa petroli alinitilia pauni 30 kwa kuwa kila gari humtilia 30, nami sikusoma kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kila inapozunguka, hupata joto, na joto ndilo linalotenganisha meno na mwili wa tairi. Mwezi wa Agosti 2000 Firestone ilirudisha tairi milioni 6.5 huko Marekani baada ya meno kubanduka barabarani na watu wengi kufa. Joto na upepo mdogo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukiona umepanda njiani kwa joto, usiupunguze.

Hapa Nairobi tulikuwa na kiwanda chetu cha tairi, tulichokijua kwa jina la Firestone na baadaye Yana, lakini kilisimamisha kazi mwaka 2016. Tairi nyingi leo zimepanda meli na kukaa bohari, kwa hiyo soma zile namba nne hata dukani. Mimi sinunui iliyopita miaka mitatu, na ikifika sita naibadilisha hata ikiwa na meno.

Meno makubwa ya matope yana faida yake, hasa mvua za Machi hadi Mei ukiacha lami kuingia bomani. Lakini kwa safari ya kilomita zaidi ya 300, nyingi zake lami, ya kawaida ya mizigo inatosha. Ndugu wa Kayole, kague na tairi za trela yenyewe kabla ya kulipa, na ya akiba pia. Kisha niandikie namba zilizo kwenye tairi zako za sasa, nami nitakufanyia hesabu.