Je, Yafaa Kufurahi Ugenini Wakati Kwetu Wanalia?



Sisi tuliopata kusoma Ubelgiji huulizwa mara nyingi na ninyi mliobaki nyumbani: Noeli ya Ulaya ikoje? Tunawajibu kwa kuwasimulia ile ya mwaka 2024, kwa maana ndiyo iliyotufundisha.

Louvain-la-Neuve ni mji wa chuo kikuu. Wanafunzi wenyeji hurudi kwa wazazi wao kila mwisho wa juma, na likizo ya Noeli ifikapo, karibu wote huondoka. Hubaki wageni. Jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, madirisha mengi huwa giza, na mtu husikia nyayo zake mwenyewe barabarani. Ndipo rafiki mmoja wa masomo alipotualika kwa wazazi wake usiku wa tarehe 24 Desemba.

Wanne kati yetu tulikubali upesi. Wa tano alikataa. Mama yake na wadogo zake walikuwa wamekimbia vita, wakiishi hemani katika kambi ya Bulengo, kando ya Goma. Alituuliza: «Nitaketije mezani pa watu, na mama analala juu ya mawe ya volkano?» Tulikosa jibu, na sisi wenyewe tukaanza kuona haya.

Jibu lilitoka kambini. Alipompigia mama yake simu, mama alimwambia: «Nenda, mwanangu. Ukijifungia chumbani, hema letu halitapanuka. Lakini usiwafiche watu hao kwamba sisi tupo.»

Akaenda. Mezani palikuwa na cougnou, mkate mtamu unaookwa kwa umbo la Mtoto Yesu aliyefungwa nguo. Walipomuuliza habari za jamaa yake, hakusema «wazima» na kunyamaza, bali alieleza yote. Watu waliacha kula. Kisha nyanya yake rafiki yetu akasema kwamba naye alikimbia akiwa mtoto, mwezi wa Mei 1940, Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, na kwamba jamaa wasiowajua waliwalaza ghalani mwao. Baadaye muziki ulipigwa, tukacheza sote, na yule mwenzetu pia.

Wako wanaosema kwamba anayesherehekea ugenini amesahau kwao. Sisi hatukubali. Njaa ya kujitakia haimshibishi aliye kambini. Kinachosaliti nyumbani si furaha, bali uongo unaoandamana nayo: kunyamaza mbele ya wenyeji ili tusiwaharibie karamu, na kuwatumia ndugu picha za sahani zilizojaa, wasijue lolote juu ya majuma ya upweke yaliyozitangulia. Mtume Paulo aliwaagiza Warumi kushiriki furaha ya wenye furaha na machozi ya wenye machozi. Hakuwapa ruhusa ya kuchagua moja. Usiku ule tuliona kwamba yote mawili huenea katika meza moja.

Basi, kijana utakayealikwa ugenini, nenda bila haya, nawe uende mzima, pamoja na habari za watu wako.

Nanyi mlio nyumbani, msidhani neno hili ni la wasafiri peke yao. Katika kila parokia yetu wamo wageni: mwanafunzi aliyetoka Kasai asiye na nauli ya kurudi, mama aliyekimbia kijiji chake, kijana aliyehamia juzi, ambaye hakuna ajuaye jina lake. Wao pia husikia ngoma za Noeli kupitia ukutani. Kabla ya tarehe 24, hesabuni katika Shirika lenu ni nani atakayekula peke yake, mkampigie hodi. Kama chakula ni sombe tu, sombe yatosha. Sisi tulikwisha sahau nusu ya vyakula vya usiku ule, lakini hatujasahau kwamba mtu alitufungulia mlango.