Upasuaji wa kupunguza uzito: kazi kubwa iko kabla ya thieta

Ukipita siku hizi katika makundi ya WhatsApp ya kina mama wa Mombasa, Malindi hata Lamu, hukosi kukuta picha mbili zilizobandikwa bega kwa bega. Upande huu mwanamke mnene, upande wa pili ni yuleyule amepungua hadi buibui linampwaya. Chini yake pana nambari ya wakala, bei kwa dola, na ahadi kwamba tikiti, hoteli na daktari vyote vimo ndani ya bei hiyo. Istanbul, Mumbai, mara nyingine Nairobi. Kisichotajwa katika matangazo hayo ni wiki na miezi iliyo kati ya picha ya kwanza na kisu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye habari yenyewe.

Tuanze kwa kuondoa lawama njiani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi. Ukikaribia nusu ya wanawake wa nchi, huwezi tena kusema ni uvivu wa mtu mmoja mmoja. Huku kwetu tena tuna mzigo wetu wa ziada. Mwanamke akinenepa baada ya harusi tunasema amenawiri, ametunzwa, mume anamjua. Miaka kumi baadaye magoti yanamuuma, sukari imepanda, presha haishuki, na walewale waliomsifu wanamuuliza kwa nini hajizuii. Anayefikia kufikiria upasuaji mara nyingi ameshajaribu kila kitu, kuanzia chai za majani za Marikiti hadi kufunga Jumatatu na Alhamisi.

Jambo la pili ni jina. Watu wetu wanachanganya upasuaji wa kupunguza tumbo na ule wa kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta ni urembo: mafuta ya chini ya ngozi yanatolewa, na tumbo la chakula halikuguswa. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa huo, na Baraza la Madaktari, KMPDC, likaagiza kliniki ifungwe. Msiba ule ulizungumzwa sana, na wengi wakahitimisha kuwa "kukata tumbo" kunaua. Upasuaji tunaouzungumzia hapa ni kitu kingine. Katika aina inayofanywa zaidi, daktari hupita kwa matundu madogo na kuondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, libaki bomba jembamba. Katika aina ya pili hutengenezwa kijifuko kidogo juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo. Ni tiba ya maradhi. Kwa wagonjwa wengi wa sukari hushusha kipimo hata kabla kilo hazijapungua sana. Katika hospitali zenye uzoefu vifo ni takriban mtu mmoja kwa kila elfu, lakini hesabu hiyo ni ya watu waliotayarishwa vizuri.

Nani anafaa? Kipimo cha zamani, kilichowekwa Marekani mwaka 1991, kilitaka BMI ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama viwili vikuu vya wataalamu hao duniani vilishusha: 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari na mfano wake. Kwa mwanamke wa urefu wa mita 1.60, BMI 35 ni karibu kilo 90, na 30 ni kama kilo 77. Wapo wasomaji watakaoshtuka kuona namba hizo ziko karibu nao. Madaktari wengi na karibu bima zote bado wanashikilia kipimo cha 1991, kwa hiyo uliza unapimwa kwa kipi.

Sasa tufike kwenye sharti linalolalamikiwa kuliko yote: chakula cha wiki mbili kabla ya upasuaji. Watu hudhani daktari anawajaribu kama wana nia. Sivyo, sababu ni ini. Upande wa kushoto wa ini umelala juu ya tumbo, na kwa mtu mnene ini huwa limejaa mafuta, zito na laini. Daktari anayepita kwa matundu madogo lazima alinyanyue aone anachokata. Likiwa kubwa haoni, na likichanika linavuja damu. Ukipunguza wanga na mafuta kwa wiki mbili, ini hutumia akiba yake ya sukari, maji yanatoka, na linasinyaa. Ndiyo maana mgonjwa aliyekula biriani ya harusi siku mbili kabla hawezi kumdanganya daktari. Ini litasema lenyewe, na kuna watu wamezibwa matundu na kurudishwa wodini bila upasuaji kufanyika, au wakafunguliwa tumbo zima.

Kiwango cha kawaida ni kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Mahamri manne na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari yanaweza kukaribia kiwango hicho kabla ya saa tatu asubuhi. Karatasi ya lishe anayopewa mgonjwa mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya mtu wa ughaibuni, imejaa jibini na majani ambayo hayapatikani Kongowea. Lakini chakula chetu kinatosha tukikitoa tui na mafuta. Changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili. Pweza wa kuchemsha, aliye na protini nyingi na mafuta machache sana. Supu yake inayouzwa barabarani jioni wanaume wanainywa kwa sababu zao, ila mgonjwa wa ini kubwa ana sababu bora zaidi. Mayai, mtindi usio na sukari, mchicha, bamia, mbilingani wa kuchoma. Vinavyotoka ni wali, chapati, mihogo, viazi karai, kaimati, madafu pia kwa wengine, na soda zote. Mwenye kutumia dawa za sukari asianze lishe hii peke yake. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari itashuka ghafla na anaweza kuzirai. Dozi ipangwe upya na daktari siku ileile lishe inapoanza.

Sigara ikome angalau wiki sita kabla, na shisha ni hivyohivyo, japo ilipigwa marufuku tangu Desemba 2017 na bado tunajua inakovutwa. Moshi unachelewesha kupona kwa mshono wa tumbo, na mshono unaovuja ndiyo hatari kubwa ya upasuaji huu. Kuhusu miraa na muguka, mjadala wetu uliishia kwenye siasa. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, mahakama ikasitisha, na tangu hapo kila mmoja anaongea habari za kodi na kura za Embu. Kitandani mwa hospitali suala ni dogo na zito: majani hayo yanapandisha presha na kuusukuma moyo mbio, na daktari wa nusukaputi asiyejua kwamba umetafuna anakulaza bila kujua anapambana na nini. Wanawake wanaotafuna wapo, na wao ndio wanaoficha zaidi. Sema. Hakuna atakayempigia mumeo simu.

Taja pia kila kidonge na kila sindano. Aspirini na dawa za maumivu kama brufeni zinaathiri damu na tumbo. Sindano za kupunguza uzito, Ozempic na wenzake, zinachelewesha chakula kutoka tumboni, na mtu aliyelazwa kwa dawa akiwa na chakula tumboni anaweza kukitapika kikaingia mapafuni. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwa hiyo wengi huambiwa waache mwezi mmoja kabla na watumie njia nyingine. Hapa pana mtego: uzito ukianza kupungua uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hata kwa mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto, ilhali madaktari wanataka asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mume anapaswa kulijua hilo kabla ya thieta. Kisheria mtu mzima hutia saini ridhaa yake mwenyewe, lakini mpango wa uzazi ni wa watu wawili.

Vipimo navyo ni vingi: damu, moyo, picha ya nyongo, kamera ya kuteremshwa kooni. Kamera inatafuta vidonda na bakteria wa H. pylori, ambaye amejaa nchini mwetu na hutibiwa kwa dawa kabla ya kukatwa. Kukoroma nako si jambo la kuchekesha. Mtu anayekatika pumzi usingizini yuko hatarini akipewa nusukaputi, na hupewa mashine ya kupumulia usiku kwa wiki kadhaa kabla. Halafu kuna mazungumzo na mshauri wa akili, ambayo watu wetu huyachukulia kama kuitwa wazimu. Anachotafuta ni kujua kama unakula kwa huzuni, kama umewahi kula hadi kutapika, na kama nyumbani pana mtu atakayekuunga mkono au atakayekusukumia sahani.

Masharti yote hayo yana sababu ya kitabibu. Lakini si kila sharti analopewa mgonjwa ni la namna hiyo, na hapa ndipo nagombana na wanaolipa. Kampuni nyingi za bima za kibinafsi huutaja unene katika orodha ya vitu wasivyolipia, na zinazolipa katika nchi nyingine zimezoea kudai mgonjwa apunguze uzito kwa miezi sita kwanza. Chama cha wataalamu hao cha Marekani kilitamka mwaka 2016 kwamba sharti hilo halina ushahidi wa kitabibu na linachelewesha tiba. Lishe ya wiki mbili ni ya ini. Ile ya miezi sita kwa kawaida ni ya mhasibu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza sharti alilopewa ni la nani. Kwa bima ya umma, SHA, iliyoanza Oktoba 2024 na inayokata asilimia 2.75 ya mshahara, usianze vipimo kwa neno la mdomo. Peleka barua ya daktari, ombi la idhini liingizwe kwenye mfumo, na ungoje jibu la maandishi.

Kuna pia umbali. Wataalamu hawa wamejazana Nairobi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la pili ya SGR ni shilingi 1,500 kwa safari, na matayarisho yanaweza kuhitaji safari tatu au nne, mara mbili kwa mwenye kusindikizwa, kabla ya kulipia hata kipimo kimoja. Mama wa Witu au Kizingitini aongeze boti na basi. Sehemu kubwa ya kazi hii, yaani damu, moyo, nyongo, lishe na ushauri, inaweza kufanyika Coast General na katika hospitali za kaunti, mgonjwa akapanda treni mara moja tu akiwa na faili lake kamili. Hilo halihitaji jengo jipya, linahitaji hospitali mbili kukubaliana fomu moja. Sijasikia mgombea hata mmoja akilitaja.

Ndiyo maana wakala wa WhatsApp anapata soko. Anauza siku tano: kufika, kupimwa, kukatwa, kulala, kurudi. Matayarisho ya wiki sita yamebanwa yakawa asubuhi moja, na anayepima ni yule ambaye hatalipwa akikukataa. Halafu unapanda ndege ya saa nyingi ukiwa na mshono mbichi, wakati hatari ya damu kuganda miguuni iko juu. Mshono unaweza kuvuja baada ya wiki moja au mbili, ukiwa tayari Kisauni. Anayeamua kwenda nje asitoe senti kabla hajapata daktari wa hapa aliyekubali kwa jina kumpokea akirudi, pamoja na ripoti ya upasuaji kwa lugha anayoisoma daktari huyo.

Wasomaji Waislamu watataka kuuliza mapema kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda. Hepari na enoksaparini hutokana na utumbo wa nguruwe, na ipo fondaparinuksi inayotengenezwa maabara. Vitamini za kutafuna, ambazo utazimeza maisha yako yote, nyingi zina jelatini. Mzungumze na daktari na sheikh wako wiki kadhaa kabla, kwa sababu usiku wa upasuaji hakuna atakayekuwa na nafasi ya kutafuta dawa mbadala.

Na tarehe. Baada ya upasuaji maji hunywewa kidogokidogo kutwa nzima, na wataalamu wengi hawaruhusu saumu mwaka wa kwanza, wengine hadi mwaka na nusu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini kuketi na gilasi ya maji mchana wa Ramadhani mbele ya mawifi si jambo jepesi, hasa kwa aliyefanya siri. Anayetaka kufanyiwa mara tu baada ya Idi, ili apate muda mrefu zaidi kabla ya mfungo unaofuata, aanze vipimo si chini ya miezi mitatu kabla. Zile wiki mbili za ini zitaangukia mwisho wa Ramadhani, na hapo daktari na mtaalamu wa lishe waelezwe wazi kwamba unafunga, wapange futari na daku pamoja nawe, au wasogeze tarehe.