WACHEZAJI WAZEE WASITUPWE KWA SABABU YA MIAKA TU



Msimu wa mpira umekwisha, na katika timu yetu kumezuka neno linalotugawa. Wachezaji wanne waliopita miaka 33 wanamaliza mikataba yao mwezi huu. Wako wanaosema watiwe saini tena kwa mwaka mmoja. Wako wanaosema waende nyumbani wote wanne, "tupate damu mpya." Kamati itakutana karibuni kulikata neno hili. Mimi si mjumbe wa kamati, lakini natoa ada yangu kila mwezi na mpira nautazama kila Jumapili nisipokuwa zamu, kwa hivyo nina haki ya kusema.

Nasema hivi: mchezaji apimwe kwa kazi yake, si kwa mwaka aliozaliwa. Akiiweza kazi, atiwe saini. Asipoiweza, aambiwe mapema na kwa heshima. Kuwafukuza watu wanne siku moja kwa sababu ya miaka tu ni kuiharibu timu, na tena ni kumdhulumu mfanyakazi.

Wanaotaka wazee watoke wana hoja tatu. Wanasema wazee hawana mbio, wanawazibia vijana njia, na wanakula fedha bure. Nitazijibu moja moja.

HOJA YA KWANZA: HAWANA MBIO

Ni kweli, mbio hupungua. Hakuna anayebisha. Lakini mpira si mashindano ya kukimbia. Mpira ni kujua mahali pa kusimama, wakati wa kutoa pasi, na adui anataka kupita wapi. Mambo hayo hayaletwi na miguu peke yake. Huletwa na kazi ya miaka mingi.

Wasionisadiki na watazame habari za kilabu cha Stoke City, Uingereza. Mji huo ni wa wafanyakazi, watu wa kufinyanga na kuchoma vyombo vya udongo. Mchezaji wao mkubwa alikuwa Stanley Matthews, winga wa kulia, aliyezaliwa mwaka 1915. Mwezi wa Mei 1947 Stoke ilikuwa inapigania ubingwa wa Uingereza, na mechi chache tu zilikuwa zimebaki. Yeye na meneja wake walikuwa hawaelewani. Basi kilabu kikamwuza kwa Blackpool kwa pauni 11,500. Alikuwa na miaka 32. Mechi ya mwisho Stoke ilihitaji kushinda ili iwe bingwa. Ikashindwa na Sheffield United 2 kwa 1, ikamaliza ya nne.

Na huyo aliyeuzwa je, alikwenda kufa? Mwaka 1953, akiwa na miaka 38, alicheza fainali ya Kombe la F.A. Blackpool ilikuwa nyuma 3 kwa 1 mbele ya Bolton, ikaishia kushinda 4 kwa 3, na mipira mingi ya hatari ilitoka upande wake. Mwaka 1956, akiwa na miaka 41, alichaguliwa mchezaji bora wa Ulaya, wa kwanza kupata zawadi ile ya Mpira wa Dhahabu. Kama angekuwa katika mikono ya kamati ya "damu mpya," angekuwa amekwisha kurudishwa nyumbani miaka minane kabla ya siku hiyo!

Halafu mwezi wa Oktoba 1961 Stoke, ambayo sasa ilikuwa daraja la pili, ilimrudisha. Alikuwa na miaka 46. Nadhani wako waliocheka. Lakini meneja Tony Waddington alijua anafanya nini. Hakumleta mzee mmoja awe pambo. Alikusanya watu wazima wenye akili ya mpira: Jackie Mudie, Dennis Viollet, na baadaye Jimmy McIlroy. Mwezi wa Mei 1963 Stoke ilishika nafasi ya kwanza na kupanda daraja. Katika mechi iliyowapandisha, dhidi ya Luton, Matthews alitia goli mwenyewe akiwa na miaka 48. Mwaka huo huo waandishi wa habari za mpira wa Uingereza walimchagua mchezaji bora wa nchi.

Mtu huyo hakuishi kwa uchawi. Alifanya mazoezi kila siku asubuhi na mapema, na mwili wake aliutunza kama fundi anavyotunza vyombo vyake. Ndiyo sababu nasema tupime kazi. Wako wazee wa miaka 25 katika timu nyingi, watu walioumaliza mwili kwa pombe. Hao hawasemwi, kwa kuwa vyeti vyao vya kuzaliwa ni vizuri.

HOJA YA PILI: WANAWAZIBIA VIJANA NJIA

Hoja hii ndiyo inayopendwa zaidi, maana inasikika kama huruma. Lakini nauliza: kijana atajifunza kutoka kwa nani? Kocha hukaa nje ya mstari. Anayekuwa karibu na kijana dakika ya themanini, wakati adui anakuja na kelele zimejaa uwanjani, ni yule beki mzee anayemwambia, "Simama hapo, usimfuate, mwache apige." Sisi wa reli tunajua jambo hili. Hakuna aliyekuwa dereva wa gari moshi kwa kusoma kitabu peke yake. Ulikaa kwanza kando ya aliyetangulia.

Tena mzee si lazima acheze dakika zote 90. Angalieni Roger Milla wa Kameruni. Alikuwa ameaga timu ya taifa, anacheza mpira wake katika kisiwa cha Réunion. Mwaka 1990 akaitwa tena kwenda Kombe la Dunia kule Italia, akiwa na miaka 38. Alikuwa anaingizwa kipindi cha pili, adui amechoka. Akatia magoli mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Kolombia. Kameruni ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Je, alimzibia nani njia? Aliwafungulia njia Waafrika wote.

Najua mtajibu kwamba mwaka 1994 aliitwa tena akiwa na miaka 42, na Kameruni ikafungwa na Urusi 6 kwa 1. Ni kweli. Lakini lile goli moja la Kameruni nani alilitia? Ni huyo mzee. Yale sita yaliingia upande wa pili wa uwanja. Basi msimtwike mshambuliaji mzigo wa mabeki kwa sababu ana mvi.

HOJA YA TATU: WANAKULA FEDHA BURE

Haya, tuhesabu. Mechi ya nyumbani kabla ya Matthews kurudi Stoke ilikuwa na watazamaji chini ya 9,000. Mechi yake ya kwanza ya kurudi walikuja karibu 36,000, Stoke ikawafunga Huddersfield 3 kwa 0. Watu hao walilipa mlangoni. Sisemi uwanja wetu utajaa namna hiyo. Nasema kwamba aliye na jina kwa watu analeta kitu ambacho mgeni wa jana hana. Na hao vijana wanne wapya watakuja bure? Watataka fedha za kutia saini, viatu, nauli na mahali pa kulala. Tukikosea katika wawili kati yao, tutakuwa tumelipa mara mbili na hatuna beki. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

HILI NI NENO LA CHAMA PIA

Wako watakaouliza kwa nini gazeti la chama liandike habari za mpira. Nawajibu: mkataba ni mkataba, na mchezaji ni mtu wa kazi. Huko Uingereza mpaka Januari 1961 mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata awe fundi namna gani. Kikomo hicho kilivunjwa na chama cha wachezaji, chini ya mwenyekiti wao Jimmy Hill, walipotishia mgomo. Tena ilikuwako sheria kwamba mkataba ukiisha kilabu kinaweza kumzuia mchezaji asiende kwingine. George Eastham wa Newcastle aliipinga mahakamani, na mwaka 1963 jaji akasema sheria ile ya kumzuia haikuwa ya haki. Mwaka 1995 Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji, ambaye kilabu chake kilimpa mkataba mpya wa mshahara mdogo mno kuliko ule wa zamani, alishinda katika mahakama ya Ulaya. Tangu hapo mchezaji wa nchi za umoja ule akimaliza mkataba huenda anakotaka bila kununuliwa.

Uhuru huo ni mzuri, lakini utazameni vizuri. Kijana wa miaka 23 akiachwa huru, simu inalia. Mtu wa miaka 35 akiachwa huru siku ya mwisho ya msimu, simu hailii. Vilabu vingine vimekwisha kujaza nafasi. Ana watoto shuleni na kodi ya nyumba. Hapo uhuru wake ni wa kukaa barabarani. Kinachomlinda ni kupewa neno la kweli mapema.

Na hilo neno "damu mpya," sisi tunalijua sana. Tumelisikia kazini. Kila mara wanapotaka kupunguza watu, haliji neno "tunataka kuokoa fedha." Linakuja neno zuri, kama vile "damu mpya" au "mabadiliko." Halafu anaitwa mtu aliyetumika miaka ishirini, anapewa bahasha. Fundi wa njia hang'oi taruma kwa kuwa ni la siku nyingi. Huligonga, hulitazama, na likiwa zima huliacha libebe gari. Ikiwa mtaruma huchunguzwa kwanza, mtu je? Leo mkipiga makofi mchezaji wa miaka 34 anapofukuzwa bila kupimwa, kesho mtasema nini siku mwenye bahasha atakaposimama mlangoni pa karakana yenu?

WANAOTUHARIBIA HOJA

Lakini wako pia wa upande wetu wanaotuharibia. Hao wanataka wazee wabaki kwa sababu ya jina, kwa sababu walitia goli fulani zamani. Hapana. Hatuombi sadaka. Manchester United ilikuwa ya pili katika ligi ya msimu wa 2020-21. Agosti 2021 ikamrudisha Cristiano Ronaldo, miaka 36. Akatia magoli 18 ya ligi, kazi kubwa kwa mtu yeyote, lakini timu ikashuka ikawa ya sita, na Novemba 2022 wakaachana. Mtu mmoja hawezi kuwa timu. Hapa kwetu Dennis Oliech alirudi kutoka Ulaya akatiwa saini na Gor Mahia Januari 2019 kwa miaka miwili. Gor ilichukua ubingwa msimu huo, lakini mkataba ulivunjwa kabla ya mwaka ule kwisha. Kwa mtu mzima, mwaka mmoja mmoja unatosha. Hata Matthews mwenyewe, msimu wake wa mwisho alicheza mechi moja tu ya ligi, Februari 1965, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Hakuna aliyelazimisha jina lake liwe katika kikosi kila wiki.

TUNATAKA NINI

Basi naiomba kamati iamue hivi:

1. Kila mmoja wa wanne apimwe peke yake na kocha na daktari. Wasihukumiwe kwa pamoja kama kundi.

2. Atakayefaulu apewe mkataba wa mwaka mmoja, ulioandikwa, wenye mshahara unaojulikana. Asiambiwe "njoo tutaona."

3. Atakayepewa mkataba akubali kukaa nje siku kocha anapomweka kijana, na akabidhiwa kijana mmoja wa nafasi yake amfundishe. Hiyo iwe sehemu ya kazi yake.

4. Atakayeachwa aambiwe na mwenyekiti mwenyewe uso kwa uso, si kwa kusoma orodha ukutani. Na kuanzia msimu ujao, neno hilo litolewe mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha.

5. Atakayeachwa afanyiwe mechi ya kumuaga, na fedha za mlangoni ziwe zake. Aprili 1965 Matthews aliagwa kwa mechi waliyokuja Puskás, Di Stéfano na Yashin kucheza. Sisi hatuna akina Puskás, lakini tunao uwanja, tunao watu, na tunalo sanduku la mlangoni.

Mambo haya matano hayagharimu fedha nyingi. Yanataka kamati iwatazame hawa watu wanne kama watu wa kazi. Wanachama wote wafike siku ya mkutano. Msiwaachie wachache wenye sauti kubwa waamue, halafu mlalamike kantini.

Mimi ndugu yenu,
FUNDI WA RELI